Ng'ombe wa Kumi na Mbili

SEHEMU YA KWANZA

Kabla hujaniuliza, nakujibu: ndiyo, bibi harusi ni mwanamke, na anayemuoa naye ni mwanamke.

Umeshtuka? Basi wewe si wa Tarime. Mtu wa Tarime hapo hashtuki. Atakuuliza swali moja tu: ng'ombe wangapi?

Kumi na wawili. Na huyo wa kumi na mbili ndiye atakayetutesa mimi na wewe leo hadi mstari wa mwisho. Ukimwona anapita mapema, usijifanye hukumwona.

Tuanze na mwenye ng'ombe.

Anaitwa Weisiko. Mjane, umri unaikaribia sitini, mji wake uko mlimani, si mbali na barabara ya Tarime kwenda Sirari. Ana migomba, ana kahawa kidogo, ana shamba la mahindi. Ana zizi lililojaa. Ana mabinti watatu, wote wameolewa, wote kwa ng'ombe.

Hana mtoto wa kiume.

Usiipite haraka hiyo. Kwa Wakurya, binti akiolewa yeye anatoka na ng'ombe wanaingia. Ng'ombe hao si wa baba kuwatapanya anavyotaka, wala si wa mke mwenza. Ni wa nyumba ya mama aliyemzaa binti. Wanangoja kaka yake akue, nao watoke tena kwenda kumlipia mke. Dada ndiye anayemtafutia kaka mke, hata kama hamjui huyo wifi.

Sasa kama kaka hakuzaliwa?

Ng'ombe wanakaa tu. Wanazaana. Na wanaowatazama wanaongezeka pia.

Anayewatazama kuliko wote ni Magige.

Magige ni mtoto wa nyumba ndogo, yaani wa mke wa pili wa marehemu. Yeye humwita Weisiko "mama mkubwa". Akimsalimia anainama mpaka kofia inataka kudondoka. Mimi mtu anayeinama hivyo huwa namtazama mikono, lakini hayo ni yangu.

Marehemu alipotaka kumlipia Magige mke, nyumba ndogo haikuwa na binti aliyekwisha kuolewa. Zizi lao lilikuwa jeupe. Akafanya nini? Akachukua ng'ombe kumi walioletwa kwa ajili ya Robi, binti wa kwanza wa Weisiko, akawapeleka kwa wakwe wa Magige.

"Watarudishwa," alisema mbele ya wazee wawili.

Wazee wote wawili wamekwisha kufa. Na aliyesema naye, kama ulivyosikia, ni marehemu.

Deni la ng'ombe kumi, na mashahidi wote wako makaburini. Ungekuwa Magige ungelipa?

* * *

Weisiko si mtu wa kukaa akalia. Alijua kwamba siku akifumba macho, Magige atavuka ua, atafungua zizi, na hakuna mzee atakayemzuia. Mtoto wa kiume wa marehemu ni yeye tu.

Akaamua kuoa.

Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari kwa ng'ombe wake, anamwoa msichana, anamleta mjini kwake. Watoto watakaozaliwa ni wa mji ule na jina la mji ule. Watarithi kama wajukuu wa damu. Na mwanamume aliyewazaa? Anaweza kuwa anafahamika kijiji kizima, lakini hana dai. Hakutoa ng'ombe.

Lishike hilo: mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Tutalihitaji baadaye.

Habari ilimfika Gati huko Musoma. Gati ndiye kitinda mimba, mwalimu, msomi wa familia. Siku mbili hazikupita akashuka kwenye gari na mkoba begani, uso umekunjamana.

"Shikamoo mama. Nimesikia una mchumba."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza unywe uji."

"Uji baadaye. Mama, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Ukisimama mahakamani na huyo msichana wako, hakimu atakwambia hakuna ndoa hapa."

"Na nikifa bila huyo msichana, hakimu atamwambia nini Magige?"

Gati akanyamaza. Alijua jibu, ndilo lililomkera.

Kuna kanuni za mila ambazo serikali ilizitangaza mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo imeandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

"Wajane wawili wa Shinyanga walizishtaki kanuni hizo," Gati akasema. "Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Wakaendelea mbele, hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema wameonewa."

"Walishinda?"

"Walishinda."

"Baada ya miaka mingapi?"

"Mingi, mama."

"Mimi sina mingi. Halafu wewe mwenyewe umenisomea: fungu langu ni kutunzwa na watoto. Watoto wangu mko Musoma, Mwanza na Bunda. Nani analala hapa nikiugua? Serikali imesema watoto, basi niacheni nitafute watoto."

Hapo Gati angeweza kucheka, na mimi nilidhani atacheka. Badala yake alisimama akaelekeza kidole zizini.

"Wale ng'ombe kumi na wanne kule mwisho ni mimi, mama. Nilisimama hapa hapa, nina miaka kumi na tisa, nikihesabiwa. Sasa unanichukua mimi unakwenda kumlipia msichana mwingine, ahesabiwe kama mimi. Hujaniuliza."

Weisiko alijibu nini?

Hakujibu. Alichukua ndoo akaenda kukamua.

* * *

Twende sasa ng'ambo ya bonde, kwa kina Bhoke.

Bhoke ana miaka ishirini na moja, amemaliza kidato cha nne, anashona nguo kwenye baraza la duka la jirani kwa cherehani ya kuazima. Baba yake, Mzee Matiko, ana jambo moja tu kichwani: kijana wake Chacha amepata mchumba, na baba wa mchumba amechoka kungoja. Naye huyo baba wa mchumba hangoji kwa ubahili. Ana kijana wake wa kumlipia, na wakwe wa huko nao wanabisha hodi.

Unaona wanavyokwenda? Ng'ombe wa Bhoke watalala kwa Matiko usiku mmoja. Kesho yake wanakwenda kwa wakwe wa Chacha. Keshokutwa wanahama tena. Ng'ombe kumi na wawili, ndoa tatu. Ukimvuta mmoja nyuma, watu hawataishia kugombana kwa maneno, hasa huku kwetu ambako panga liko nyuma ya kila mlango.

Weisiko alifika na mshenga wake, mzee mwenye maneno mengi na ndugu wengi Isebania, ng'ambo ya mpaka.

"Jambo hili si geni," mshenga alimwambia Matiko, akijikuna kidevu. "Wanandi wanalo vilevile. Mwaka 2011, Mombasa kule, jaji alimpa urithi mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake. Ndugu wa marehemu walitaka nyumba, wakaikosa."

"Hiyo ni Kenya," Matiko akasema.

"Na Mkurya ni wa wapi? Mpaka ulichorwa katikati ya mashamba ya babu zetu."

Wakacheka. Wakakubaliana ng'ombe kumi na wawili. Mambo mepesi, sivyo?

Mepesi mno. Na ndipo Weisiko, ambaye jicho lake halijazeeka, alipoona kigingi nyuma ya jiko.

Kigingi kilikuwa na kamba. Kamba mpya, imekatwa. Majani kukizunguka yamelambwa hadi udongo. Ng'ombe mmoja alifungwa pale peke yake, mbali na zizi, kwa siku kadhaa. Nani anafunga ng'ombe nyuma ya jiko, kama si mtu asiyetaka aonekane barabarani?

"Mlikuwa na mgonjwa?" Weisiko akauliza.

"Ng'ombe wa jirani," Matiko alijibu haraka. "Alikuja, amekwenda."

Hapo ndipo kitoto cha kiume cha miaka saba, kifunga mimba cha nyumba ile, kilipochungulia mlangoni.

"Baba, Chausiku atarudi lini?"

Kofi lilimjibu. Mtoto akakimbilia migombani akilia, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Weisiko alilisikia jina lile? Alilisikia. Alilikumbuka? Endelea kusoma.

Kabla ya kuondoka aliomba kuongea na Bhoke faraghani. Walisimama kisimani, wawili tu.

"Mwanangu, hapa hakuna baba, hakuna kaka. Unataka au hutaki?"

Bhoke alitazama ndoo yake. "Mama, nina rafiki zangu walioolewa na wanaume. Mmoja alirudi kwao jino limetoka, baba yake akamrudisha usiku uleule kwa sababu ng'ombe walikwisha kuliwa. Kwako nani atanipiga?"

"Hakuna."

"Atakayekuwa baba wa watoto wangu nitamchagua mwenyewe?"

"Utamchagua mwenyewe. Usiniletee mlevi tu."

Wote wakacheka. Halafu Bhoke akaacha kucheka ghafla.

"Na cherehani? Nataka yangu, si ya kuazima."

"Ndama wa kwanza tutakayemuuza, tutanunua cherehani."

"Basi nataka." Akainua ndoo, akaishusha tena. "Mama... hao ng'ombe, wote watatoka zizini kwako? Hakuna wa mtu mwingine?"

"Wote wangu. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Ungekuwa wewe, ungemwacha aondoke na "nauliza tu" hiyo? Weisiko alimwacha.

* * *

Usiku wa kuamkia Jumamosi, kila kitu tayari. Ng'ombe kumi na wawili wametengwa. Gati bado yupo, hakurudi Musoma, lakini hasemi na mtu. Anapika kwa hasira, sufuria zinagongana.

Hodi.

Magige. Kofia mkononi, na nyuma yake, kwa kamba, mtamba mweusi tii, mnene, sikio la kushoto limechanika.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nimesikia kesho unaleta mke. Mimi ni mtoto wa mji huu, siwezi kukaa pembeni kama mgeni. Pokea huyu. Ni mchango wangu."

Weisiko alimtazama mtamba. Alimtazama Magige. Moyo ukamdunda.

Nikueleze alichowaza, maana hakuwa mjinga. Aliwaza hivi: huyu hajawahi kunirudishia hata mbuzi. Leo analeta ng'ombe kwa mkono wake. Akichangia ndoa hii ameikubali, na aliyekubali leo hawezi kuja kuipinga nikiwa kaburini. Tena huyu ni wa kwanza katika wale kumi wa Robi.

"Asante mwanangu," akasema. "Umefanya la kiume."

Akamrudisha zizini mmoja katika wale kumi na wawili, akamweka mtamba mweusi mahali pake.

Gati alitoka jikoni akifuta mikono.

"Amesema mchango au amesema deni, mama?"

"Ng'ombe ni ng'ombe."

"Mama. Alitumia neno gani?"

Lakini Magige alikwisha kuvuka ua. Na hapakuwa na mzee hata mmoja aliyeshuhudia.

* * *

Jumamosi. Saa nne asubuhi, jua limekaza.

Ng'ombe walishuka bondeni wakapanda ng'ambo, vijana wakipiga miluzi. Kwa Matiko watu wamejaa. Wazee wa mila wamekaa chini ya mti, fimbo kati ya magoti. Wanawake wako jikoni. Bhoke amefichwa ndani, kama ada ilivyo.

Lango likafunguliwa. Wakaanza kuhesabu.

Mmoja. Wawili. Watatu, jike na ndama wake, ndama hahesabiwi. Wanne.

Matiko alikuwa anatabasamu. Chacha, kaka yake Bhoke, alikuwa anahesabu kwa midomo.

Saba. Wanane. Wa tisa alikataa kuingia, akasukumwa, watu wakacheka. Kumi. Kumi na mmoja.

Mtamba mweusi akaingia wa mwisho.

Sasa mtazame Matiko. Wengine wote wanamtazama ng'ombe, wewe mtazame Matiko. Tabasamu limekwenda wapi?

"Wametimia!" mshenga akapaza sauti, na kigelegele cha kwanza kikatoka jikoni.

"Bado."

Magige alikuwa amesimama langoni. Kofia kichwani safari hii. Hakuinama kwa mtu.

"Wazee, kabla hamjafunga lango, mjue mnachofunga. Huyu wa kumi na mbili ametoka nyumba ndogo. Ni wangu. Nimemtoa mimi, kwa ndoa hii."

"Ulinipa," Weisiko akasema.

"Nilichangia. Muulizeni kama sikusema mchango."

Wazee wakamgeukia Weisiko. Alifungua kinywa. Neno lenyewe alilikumbuka vizuri, na Gati, aliyekuwa nyuma yake, alifumba macho.

"Alisema mchango," Weisiko akakiri.

"Basi msichana huyu ameolewa na nyumba mbili," Magige akasema polepole, akihakikisha kila sikio linapata fungu lake. "Ng'ombe wa nyumba kubwa na ng'ombe wa nyumba ndogo. Mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe, si ndiyo mila yetu? Wakizaliwa, ni wa zizi letu sote. Na mwanamume katika nyumba hizo mbili ni nani? Nionyesheni mwingine."

Umeelewa mchezo? Weisiko alikuwa anatafuta warithi wa kumzuia Magige. Kwa mtamba mmoja, Magige amewageuza warithi hao kuwa watoto wa mikononi mwake.

"Mtoeni!" Weisiko akafoka. "Mtoeni huyo ng'ombe, mwingine atakuja sasa hivi!"

"Ng'ombe wa mahari akishaingia zizini mwa mkwe," Magige akajibu, "hatoki kwa sababu mtu amebadili mawazo. Au mila imebadilika tangu jana, wazee wangu?"

Wazee wakanong'onezana. Mmoja akatikisa kichwa kukubali, mwingine akatema mate kando. Mshenga, yule wa maneno mengi, hakuwa na hata moja. Chacha alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

Na ni hapo, msomaji wangu, katikati ya ukimya ule, sauti nyembamba ilipotoka migombani.

"Chausiku!"

Kitoto cha miaka saba. Kilitoka mbio, kikapenya katikati ya miguu ya wazee.

"Chausiku! Amerudi! Baba, Chausiku amerudi!"

Mtamba mweusi akainua kichwa. Sikio zima likasimama, lile lililochanika likatikisika. Akageuka, akalipita lango ambalo lilikuwa halijafungwa, akawapita wazee, akampita Magige bila kumtazama. Hakuna aliyemshika.

Akalizunguka jiko. Watu wote wakamfuata kwa macho, kisha kwa miguu.

Akafika kwenye kigingi chenye kamba iliyokatwa. Akasimama. Akaanza kula majani yaliyochipua upya, taratibu, kama mtu aliyerudi kwake.

Mzee mkubwa kuliko wote alijiinua kwa fimbo yake. Alimwangalia ng'ombe, akaangalia kigingi, akamwangalia mwenye mji.

"Matiko. Ng'ombe wa Magige anaijuaje nyumba yako?"

Matiko alimeza mate. Magige, kwa mara ya kwanza siku ile, akatazama chini.

"Matiko, nimekuuliza."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Wanawake wakapiga ukelele wa kumzuia, maana bibi harusi hatoki ng'ombe wakiwa bado wanahesabiwa. Bhoke akatoka hata hivyo, kanga kiunoni, akasimama katikati ya baba yake na Magige.

"Mimi nitajibu," akasema. "Huyu aliletwa hapa usiku, kabla mama Weisiko hajakanyaga uwanja huu. Magige alikuja kunitaka mimi, niwe mke wake wa pili, na baba akapokea. Halafu baba akasikia kwamba mama Weisiko anakuja na ng'ombe wengi zaidi, akamrudisha Chausiku kimyakimya."

Zizi zima likavuma. Gati akasogea mbele akamshika mama yake mkono.

"Basi alirudishwa," mzee akasema. "Kama alirudishwa, jambo hilo limekwisha."

"Lingekwisha, babu," Bhoke akajibu, na sasa hakuwa anamtazama mzee wala Magige. Alikuwa anamtazama kaka yake, Chacha. "Lakini Chausiku hakuja peke yake usiku ule. Walikuja watatu. Waulize wale wawili wako wapi."

Fimbo ya Chacha ikaanguka chini.

ITAENDELEA WIKI IJAYO. Je, Bhoke alikwisha kuolewa siku nyingi bila mwenyewe kujua? Ng'ombe wawili wamekwenda wapi, na kwa nini Chacha anatazama barabara ya Sirari? Na Gati, aliyekuja kuizuia ndoa hii, ana nini kwenye ule mkoba ambao hajaufungua tangu ashuke kwenye gari?